Makande ya Bibi Nambike na Sheria ya Mkono Mtupu

Viti mia mbili vilishushwa mbele ya nyumba ya Niwaeli Mshana asubuhi ya Jumamosi, na hakuna aliyejua vimetoka wapi. Vilikuwa viti vizuri, vyenye mito laini, na waliokuja kusaidia kampeni walianza kuvipapasa kwa furaha. Ndipo Kifuasi kikatoka barazani.

Kifuasi kilikuwa mashine ndogo, kimo chake hakikuzidi goti la mtu mzima, chenye miguu mitatu myembamba na kichwa cha kioo. Kila mgombea wa kiti cha Mwamuzi wa Maji alipewa kimoja siku aliyojaza fomu, nacho kilimfuata kila aendako. Kilinyoosha kidole chake kwenye kiti cha kwanza, kikatulia kidogo.

"Kiti hiki kimetoka kwa fundi seremala wa mtaa wa Pili," kilisema kwa sauti ya upole. "Seremala alilipwa na duka la mapazia. Duka la mapazia ni la shemeji wa meneja wa Kampuni ya Umande. Kampuni ya Umande inasimamiwa na Mwamuzi wa Maji. Tafadhali virudishwe."

Watu walipiga makofi. Tumsifu, kinyozi aliyekuwa mkuu wa kampeni, alicheka mpaka akashika tumbo. "Wamepita kwa seremala, wakapita kwa mapazia, na bado kamenusa! Haka katoto hakalali!"

Kazi ya Kifuasi ilitegemea vumbi-jina. Kila kitu kilichotengenezwa au kuchotwa katika jiji la Nyumbatatu kilinyunyiziwa chembe ndogo kuliko unga wa wanga, na kila kilipopata mmiliki mpya kiliongezewa chembe nyingine. Jicho la mtu halikuziona, lakini Kifuasi kilizisoma kama mtu anavyosoma barua, kuanzia mkono wa mwisho kurudi nyuma hadi wa kwanza.

Jiji lilikuwa na sababu ya kutengeneza mashine kama hiyo. Nyumbatatu limejengwa kwenye tambarare kavu, na maji yake yote yanavunwa hewani na minara kumi na miwili ya umande. Minara ni ya kampuni moja. Mwamuzi wa Maji huchaguliwa na wananchi ili awe juu ya kampuni hiyo: akague vichujio vya minara, na mnara ukichakaa aufunge mpaka utengenezwe. Lakini kwa miaka mingi kampuni ndiyo iliyomgharimia kampeni kila mtu aliyetaka kuwa Mwamuzi. Ilitoa viti, ngoma, magari na chakula. Basi vichujio vya Mnara wa Tisa vikachakaa na havikubadilishwa, vikatoa vumbi, na waliovisafisha wakaugua mapafu. Walikufa wanaume thelathini na wanne kabla wananchi hawajadai sheria. Waliiita Sheria ya Mkono Mtupu. Anayetaka kuwa Mwamuzi asipokee kitu chochote kutoka kwa kampuni, wala kutoka kwa mtu yeyote anayelishwa na kampuni. Na yeye pia asiwape kitu, kwa kuwa kupeana kuna njia mbili.

Niwaeli alikuwa fundi wa mashine za kupumulia hospitalini. Alikuwa amewafungia mashine hizo watu kumi na tisa kati ya wale thelathini na wanne. Ndiyo maana aligombea.

Viti vilipokwisha kupakiwa garini, Kifuasi kiliingia uani kwa ukaguzi wake wa kila siku. Kiligusa meza. Kikagusa vikombe. Kikafika kwenye sahani ambazo wasaidizi walikuwa wamezitumia kulia makande ya asubuhi, kikaweka kidole kwenye moja, na safari hii kilichelewa kuzungumza.

"Mahindi ni safi," kilisema. "Maharage ni safi. Maji yaliyopikia ni maji ya fadhila ya Kampuni ya Umande, Mnara wa Tisa, ndoo ya mjane namba mia sita na saba."

Tumsifu aliweka sahani yake chini.

"Makande yametoka wapi?" kiliuliza Kifuasi.

Niwaeli alitazama uzio. Katikati ya uzio wa fito palikuwa na uwazi mpana kama dirisha, na upande wa pili aliishi Bibi Nambike. Kwa uwazi ule vilipita vyungu, vikombe vya chumvi, moto na habari kwa muda wa miaka thelathini na mitano. Mama yake Niwaeli alipofariki, mtoto akiwa na miaka minne, Bibi Nambike alimpokea kupitia uwazi uleule, hakuzunguka hata mlangoni. Asubuhi hiyo, Jumamosi ya kwanza tangu Niwaeli ajaze fomu, alikuwa amepitisha chungu cha makande kama alivyozoea kila Jumamosi, na Niwaeli alikirudisha na ndizi tatu ndani, kwa sababu kwao chungu cha jirani hakirudi kitupu. Katika fomu ya michango aliandika "hakuna". Hakudanganya. Haikumjia akilini kwamba chungu kile kingeweza kuitwa mchango.

Wala hakukumbuka maji. Mumewe Bibi Nambike, Mzee Eliamani, alikuwa msafisha vichujio wa Mnara wa Tisa, mmoja wa wale thelathini na wanne. Tangu afe, kampuni ilimpa mjane wake ndoo mbili za maji kila siku bila malipo. Kwa sheria, Bibi Nambike alikuwa mtu anayelishwa na kampuni.

"Sheria inasema hivi," Kifuasi kiliendelea. "Kilichopokelewa kirudishwe kabla jua halijazama. Kilicholiwa kirudishwe cha mfano wake, kilichoandaliwa kwa mkono wa mgombea peke yake. Mtoaji akipokee kama chake, na atamke kwamba hakuna deni wala hisani kati yao. Baada ya hapo wasipeane kitu mpaka kipindi cha uongozi kiishe. Ndizi tatu nitaziandika pia. Hilo lisipofanyika, jina la mgombea litaondolewa."

"Kipindi ni miaka sita," alisema Tumsifu taratibu. "Bibi ana miaka themanini na moja."

Kifuasi hakikujibu, kwa kuwa hilo halikuwa swali.

Kabla ya saa sita alifika Wakili Kileo, mwanasheria wa Kampuni ya Umande. Alikuwa mtu mstaarabu, alivua kofia, akamsalimu kila mtu kwa jina, hata mama aliyekuwa akiosha vikombe.

"Habari imenifikia, na imenihuzunisha," alisema. "Dada Niwaeli, sisi si watu wa kumwangusha mgombea kwa chungu cha makande. Baraza la jiji linakaa leo saa kumi. Andika ombi kwamba chakula cha majirani kisihesabiwe. Kampuni haitapinga. Tutasimama upande wako."

"Nani atapinga chungu cha bibi?" alisema Tumsifu, uso umechanua. "Niwa, andika! Mimi nitashika kalamu, wewe sema tu."

"Na ninyi mtafaidika nini?" Niwaeli alimuuliza wakili.

"Amani," alijibu Kileo. "Na majirani wabaki majirani. Hiyo ni kubwa."

Alisema kwa namna iliyomfanya Niwaeli atake kumwamini. Ni kweli alitaka. Alikwenda kwenye uzio akamkuta Bibi Nambike ameketi upande wake, anachambua maharage, na usoni pake ilionekana wazi kwamba alikuwa amesikia kila neno.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba mwanangu. Salamu nayo ni mchango?"

"Salamu si mchango," kilisema Kifuasi, ambacho kilikuwa kimemfuata.

"Afadhali. Nilidhani nitakufa bubu." Bibi aliweka ungo chini. "Nimekuponza, Niwa."

"Hujaniponza. Kuna njia." Niwaeli alimweleza habari ya ombi, haraka haraka, kama mtoto anayeeleza kwa nini kikombe kimevunjika. Bibi alisikiliza mpaka mwisho.

"Kampuni inalisha nyumba ngapi hapa mjini?" aliuliza.

"Wafanyakazi, wastaafu, wajane... labda elfu arobaini."

"Na kila nyumba ina chungu, na ina jirani."

Niwaeli alitazama paa za mtaa, moja baada ya nyingine.

"Nikwambie kuhusu viti," alisema Bibi. "Yule Mwamuzi aliyepita, kampeni yake ilikuwa kama harusi. Tulikaa kwenye viti kama vile vya leo. Mimi nilikaa mbele kabisa. Eliamani alikuwa ananitania, ananiambia, mke wangu, ukizoea kiti hiki nitakufanyia nini mimi? Tulicheka siku nzima. Tukampigia kura."

Alichukua punje moja ya maharage, akaitazama, akaiweka.

"Kikohozi kilipoanza, Eliamani alimwandikia Mwamuzi mara tatu. Barua nzuri, kwa mkono wake. Na yule bwana alijibu zote tatu, kwa heshima kabisa. Alituma na daktari. Alipofariki Eliamani alikuja msibani, akakaa chini pamoja na sisi, akalia. Nililiona chozi lake, halikuwa la uongo. Hakuwa mtu mbaya, Niwa. Nimemfikiria sana. Nadhani kila alipotaka kusema 'fungeni mnara', alikumbuka wale waliombeba, akaona aibu. Mtu mzuri huona aibu kumwumiza aliyemtendea wema. Mtu mbaya angeufunga bila taabu."

"Bibi, lakini wewe si kampuni."

"Maji yangu ya nani? Siku utakayotaka kuufunga Mnara wa Tisa, ndoo zangu zitakauka. Utaufunga, makande yangu yakiwa tumboni mwako?"

Niwaeli aliujua moyo wake. Angechelewa wiki moja, kwa ajili ya Bibi. Kisha angechelewa wiki nyingine.

"Miaka sita, Bibi," alisema, na sauti yake ikawa ya yule mtoto wa miaka minne.

"Najua kuhesabu. Nenda kapike. Makande hayaivi kwa machozi."

Niwaeli alirudi akamshukuru Wakili Kileo, akamwambia hatatuma ombi. Wakili alivaa kofia yake taratibu. Mlangoni aligeuka kidogo. "Mama yangu naye ana ndoo ya mjane," alisema, kisha akaenda zake.

Makande ya kurudisha yalipaswa kupikwa na Niwaeli peke yake, kwa maji aliyoyanunua mwenyewe, na hapo kukawa na jambo jingine. Niwaeli aliweza kufungua pafu la bandia na kulifunga tena akiwa amefumba macho, lakini makande hakuwahi kupika. Kwa nini apike, na yalikuja kila Jumamosi? Alilowesha mahindi kwa muda mfupi mno. Alisahau magadi, akayakumbuka, akayatia mengi. Jiko la mvuke lilipiga filimbi, Kifuasi kikiwa kimesimama kando, kichwa cha kioo kimejaa jasho la mvuke.

Upande wa pili wa uzio Bibi alinyanyua shingo. "Mwanangu, hayo maji..."

"Ushauri wa mapishi ni mchango," kilisema Kifuasi.

Bibi aligeuza kiti akaupa uzio mgongo. Kitunguu kilipoanza kuungua na harufu ikamfikia, alishika upindo wa kanga yake akauuma kwa meno, na mabega yake yakawa yanatikisika. Tumsifu aliyekuwa akichungulia hakujua kama anacheka au analia. Alipomwangalia vizuri aliona ni vyote viwili.

Saa kumi na moja na nusu, jua likiwa bado juu ya minara, Niwaeli alipitisha chungu kwenye uwazi wa uzio. Kwa mara ya kwanza chungu kilipita kikielekea upande ule kimejaa, na hakikupelekwa kama zawadi. Bibi alikipokea kwa mikono miwili. Alichota kijiko kimoja, akatafuna kwa muda mrefu.

"Je, ni sawa na ulichotoa?" kiliuliza Kifuasi.

"Sawa?" Bibi alimeza. "Chumvi imezidi, mahindi yana vita na meno yangu, na kitunguu ni mkaa. Lakini napokea."

"Tamka: Mimi Nambike sina changu kwa Niwaeli, na Niwaeli hana chake kwangu."

Bibi Nambike aliweka kijiko chini. "Ngoja kwanza nikuulize, mtoto wa kioo. Maneno hayo yanafika mpaka nyuma? Mpaka alipokuwa mdogo?"

"Sheria inaanza siku alipojaza fomu," kilijibu Kifuasi. "Yaliyotangulia hayamo."

"Basi mengi hayamo," alisema Bibi.

Alinyoosha kanga yake mabegani kama mtu anayejiandaa kwenda kanisani. Akamtazama Niwaeli, na alisema maneno yale polepole, yote, bila kuruka hata moja. "Mimi Nambike sina changu kwa Niwaeli, na Niwaeli hana chake kwangu." Alikuwa ameupa uzio mgongo kwa muda wa saa nne, na sasa ilieleweka alikuwa akijizoeza kwa ajili ya tamko hilo.

Kifuasi kiliandika. Taa yake ndogo ikawa ya kijani. Tumsifu alileta fito nne na misumari, na kwa kuwa Niwaeli alishindwa kushika nyundo sawasawa, Tumsifu ndiye aliyeuziba ule uwazi. Alifanya kazi taratibu, na kabla ya kupigilia ufito wa mwisho alisimama kando kidogo, akajidai anatafuta msumari ulioanguka, ili wale wawili watazamane kwa muda wanaoutaka.

Niwaeli alishinda uchaguzi kwa kura chache. Alifanya kampeni yake yote watu wakiwa wamesimama au wamekaa chini. Mwezi wa tatu wa uongozi wake alikagua vichujio vya Mnara wa Tisa kwa mikono yake, na siku hiyohiyo akatia saini amri ya kuufunga kwa miezi minane. Watu wa kampuni walimtazama wakitafuta mahali pa kushika, hawakupaona.

Kesho yake gari la jiji la kuuza maji lilisimama mtaani kwao saa mbili asubuhi. Foleni ilikuwa ndefu. Niwaeli alikuwa na haki ya kuletewa maji hayo nyumbani, lakini alichukua ndoo yake ndogo akatoka, Kifuasi kikimfuata kwa miguu yake mitatu. Alisimama mwisho wa mstari. Aliyekuwa mbele yake alikuwa Bibi Nambike.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba. Ni wewe uliyenikaushia ndoo zangu?"

"Ni mimi, Bibi."

"Umekawia miezi mitatu." Bibi aligeuka akamtazama kuanzia kichwani hadi viatuni. "Na umekonda. Siulizi unakula nini, nisije nikaandikwa."

"Najipikia makande kila Jumamosi."

"Pole."

Watu wa jirani kwenye mstari walicheka, na Niwaeli alicheka pia, akafuta macho kwa kiganja. Mstari ulisogea. Walizungumza habari za mvua, za goti la Bibi, za Tumsifu aliyemnyoa bwana harusi upande mmoja kabla umeme haujakatika. Maneno yalikuwa mengi na Kifuasi hakikuyaandika.

Zamu ya Bibi ilipofika, ndoo ilijaa, na haikunyanyuka. Alijaribu mara mbili. Niwaeli aliinama, mkono wake ukafika karibu kabisa na mpini, kisha akaurudisha na kuuficha nyuma ya mgongo, akaushika kwa mkono wake mwingine. Nyuma yao alikuwepo mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni, ambaye hakuwajua hata mmoja wao. Aliona mkono ule uliorudi nyuma. Hakuuliza kitu. Aliweka ndoo yake chini, akapita mbele ya Mwamuzi wa Maji, akamkalishia Bibi kata ya kitambaa vizuri kichwani, akamtwisha ndoo kwa uangalifu, kisha akamshika kiwiko mpaka aliposimama imara.

"Ahsante, binti yangu," alisema Bibi.

"Ahsante sana," alisema Niwaeli, na mwanamke yule hakuelewa kwa nini Mwamuzi alimshika mkono kwa nguvu namna ile.

Walielekea nyumbani kwa njia moja, Bibi mbele, Niwaeli hatua tano nyuma. Njiani Bibi alisimama mara tatu kuvuta pumzi. Mara zote tatu Niwaeli naye alisimama, akatua ndoo yake ambayo haikuwa nzito, akasubiri mpaka Bibi alipoanza kutembea tena.